Wulfeva wa Ng'ambo ya Mto

Watu wote wa kando ya mto Weveni wanaomkumbuka Wulfeva hukumbuka kicheko chake. Mimi nakumbuka mkate wake. Nilikuwa nimeolewa miaka sita, najulikana kijiji kizima kwa mkate wa shayiri, mpaka siku alipoletwa yeye kutoka ng'ambo akaoka wa kwake. Mume wangu Ketel alikula vipande vitatu, akajifuta ndevu, akasema mkate huu si mbaya. Wa kwangu hajawahi kuusemea lolote. Alikuwa akiula tu.

Naandikiwa habari hizi na padri, kwa kuwa mimi sijui kuandika, na padri mwenyewe ndiye aliyetaka maisha ya Wulfeva yasipotee. Alizunguka akiuliza nani alimjua zaidi. Watu wakamwonyesha mlango wangu. Ni kweli, hakuna aliyemtazama Wulfeva kwa muda mrefu kama nilivyomtazama mimi.

Tuliolewa na ndugu wawili. Mimi, Tova, niliolewa na mdogo, naye akaolewa na mkubwa, Thurgar, aliyechelewa kuoa na alipooa akavuka maji. Kwetu wanawake walioolewa na ndugu huitana mke mwenzangu. Nililichukia jina hilo tangu siku ya kwanza, lakini yeye aliniita hivyo asubuhi na jioni, kwa mapenzi, mbele za watu.

Sisi wa upande huu wa mto ni Wanothfoki, watu wa kaskazini. Wa upande ule ni Wasuthfoki, watu wa kusini. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba zamani sote tulikuwa Waangli wa Mashariki, tuna mfalme mmoja na samaki wale wale, na kilichotugawa ni maji tu, tena maji ambayo mtu mwenye mkono mzuri anarusha jiwe likafika ng'ambo. Enzi za bibi, Nothfoki walikuwa watu. Siku hizi makarani wa mfalme husema fulani anakaa katika Nothfoki, kana kwamba ni shamba. Hata hivyo utani haujabadilika. Sisi tunasema Wasuthfoki wanateleza mikononi kwa sababu walinyonyeshwa supu ya mikunga, samaki wale walio kama nyoka. Wao wanasema sisi tunalala na nguruwe ili nguruwe wapate mtu wa kuzungumza naye.

Na kwetu mwanamke haachi watu wa baba yake kwa kuolewa. Ataoka, atazaa, atazika, na bado atahesabiwa wa kwao. Kwa hiyo Wulfeva alikuwa Msuthfoki, na mimi nilihakikisha hasahau. Akikosea kufunga ng'ombe, nilisema ndivyo wanavyofunga kusini. Akipatia, nilisema amejifunza kwetu. Alicheka na wenzake, lakini nilimwona shingo ikimwiva, nikajua panamuuma. Alitaka sana kuwa mmoja wetu. Alijifunza nyimbo zetu za mavuno akaziimba kuliko sisi, na hilo nalo sikumsamehe.

Siku moja tulikuwa mtoni, wanawake wanane hivi, tunaosha sufu. Nikaona ni mahali pazuri pa kumweka mtu mahali pake.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hata ukae hapa miaka mia, wa kuja ni wa kuja."

Hakuinua hata kichwa. Aliendelea kukamua sufu yake.

"Kweli, dada. Mimi nilivuka mto. Babu yako alivuka bahari."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaachia sufu ikaenda na maji. Babu yangu alikuwa Mdani, alishuka melini na shoka, jambo linalojulikana na kila mtu na ambalo hakuna aliyekuwa na haja ya kulitaja. Nilikaa wiki nzima nikitafuta jibu. Nilipolipata, ikawa hakuna tena anayezungumzia habari ile.

Mwaka wa nne wa ndoa yao Thurgar alishikwa na homa baada ya mavuno, akafa. Hawakupata mtoto. Tulimzika kwenye uwanja wa kanisa letu, karibu na uzio. Kaka zake Wulfeva wakaja na mtumbwi kumchukua, kama ilivyo desturi, na mimi nilikwisha mfungia kifurushi cha jibini la njiani, kizuri kabisa, nadhani hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumpa kwa moyo mweupe. Akakataa kwenda. Alisema jiko la Thurgar bado linawaka. Jibini wakalila kaka zake.

Nyumba ya Thurgar ilikuwa ndiyo nyumba ya baba yao, ile Ketel alimozaliwa. Ilikuwa peke yake mahali mto unapozunguka malisho na kurudi mpaka karibu kujigusa, ukiacha shingo nyembamba ya nchi kavu. Mimi na Ketel tulikaa kwenye shingo hiyo, kwa marehemu baba yangu, mtega mikunga. Ukisimama mlangoni kwangu uliuona moshi wa Wulfeva. Nami nilisimama mlangoni mara nyingi.

Alianza kupika pombe ya shayiri ili apate kuishi, na ilikuwa pombe nzuri, nitasema nini. Ketel akaanza kwenda. Nasema akaanza kwenda kana kwamba kuna baya nililoliona. Sikuliona. Laiti ningeliona, ningepumua. Alikwenda kumwezekea paa, kumchinjia nguruwe, kumtazamia maksai, mambo ambayo ndugu wa marehemu anapaswa kuyafanya, kisha akarudi njia nzima akipiga mluzi. Nyumbani kwangu Ketel hapigi mluzi.

Nilimwuliza kuna nini huko.

"Kuna paa linavuja," akasema.

"Miaka yote hii?"

"Matete ya mwaka ule yalikuwa mabaya."

Basi nikaenda mwenyewe, nikajibanza kwenye matete ambayo hayakuwa mabaya hata kidogo. Ketel alikuwa ameketi kizingitini na bakuli. Wulfeva alikuwa akisimulia kitu huku akichambua dengu, na mume wangu alikuwa akicheka, kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, ningeweza kuhesabu meno yaliyobaki. Kwangu mimi, kama ana meno sijui. Nikarudi nyumbani nikiwa nimelowa miguu, na Ketel aliporudi nikamwambia nilikwenda kutazama mitego.

Sasa, kuna desturi moja. Mjane wa kutoka ng'ambo akilinda jiko la mumewe miaka kumi bila kurudi kwao, Baraza la Mia, ndilo baraza la wenyeji, humpokea. Ndugu wa marehemu huchota donge la udongo kutoka jikoni kwake, hulibeba mpaka barazani, hulitia mikononi mwa mjane mbele ya wote, na tangu hapo yeye ni Mnothfoki kama aliyezaliwa. Miaka kumi ya Wulfeva ilikuwa imetimia baada ya mavuno, na kupokewa kwake kulipangwa baada ya Pasaka. Kijiji kizima kilikuwa kikimfurahia. Wanawake wale wa sufu walimshonea joho. Nami nilikuwa nikihesabu siku kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, kwa maana nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Wulfeva hana, nacho kilikuwa hicho. Alikuwa na mkate, pombe, sauti, kicheko na mluzi wa mume wangu. Mimi nilikuwa wa hapa.

Katikati ya Kwaresima mto ukafurika. Palikuwa na mfereji uliokatiza ile shingo ya nchi kavu, mfereji mdogo tu wa mikunga, mtu anauruka. Maji yalipita humo kwa siku tatu, yakaula, yakaupanua, na yalipotulia mto wote ulikuwa umehamia pale. Njia ya zamani, ile ndefu ya kuzunguka malisho, ikabaki vyura na matope. Nyumba ya Wulfeva, iliyolala kaskazini ya mto vizazi vyote, ikaamka iko kusini.

Kabla wiki haijaisha, mnyapara wa mfalme upande wa Suthfoki, bwana mmoja mnene aitwaye Brunloc, akaja kuyatazama yale malisho, akayakanyagakanyaga kama mtu anayejaribu godoro. Yalikuwa na majani bora kuliko yote ya bonde letu. Akasema mto ndio mpaka na mto uko wapi kila mtu anauona. Wetu wakasema mto ukiruka kwa ghafula, mpaka hauufuati. Ikabidi mabaraza mawili yakutane pamoja ukingoni, mbele ya karani wa mfalme.

Karani, kijana mwenye mafua, akalifanya jambo likawa fupi. Akauliza mfereji ule ulitoka wapi. Kama ulichimbwa na mikono ya watu, basi mto umeingia kwenye njia isiyo yake, na mpaka unabaki palepale pa zamani. Lakini kama ulikuwa mkono wa mto wenyewe tangu kale, basi mto umerudi kwao, na malisho pamoja na nyumba ni vya Suthfoki. Nani anajua? Aliyezaliwa pale. Ketel hakuweza kuapa, ilikuwa nyumba ya ndugu yake. Wengine wote wa umri wetu walikwisha kufa. Nikabaki mimi, binti wa mtega mikunga.

Wanothfoki wakanitazama kwa raha, kama watu waliokwisha kushinda. Na walikuwa na haki, maana mfereji ule aliuchimba baba yangu. Nilikuwa na miaka saba. Thurgar alikuwa na tisa. Baba alichimba na baba yao, sisi tukabeba udongo kwa kikapu tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na kamba ya kikapu ilinichuna bega, kovu lipo.

Padri akaleta kisanduku cha mifupa ya mtakatifu, akanikumbusha linalompata mwenye kuapa uongo. Kiapo chake hakitapokewa tena maisha yake yote, na akifa hazikwi penye ardhi iliyobarikiwa. Atazikwa nje ya uzio, na watu wasiojulikana wanaookotwa mtoni. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Nilikuwa nimekuja kusema kweli. Naapa, ingawa kiapo changu sasa hakina kazi.

Lakini Wulfeva alikuwa amekuja na joho lake jipya, kwa sababu siku ileile, baada ya shauri la mpaka, ndipo angepokewa. Ketel alikuwa amesimama karibu naye, ameshika kwa mikono miwili lile donge la udongo wa jikoni. Jivu lilikuwa limemdondokea kwenye nguo. Wulfeva akaliona. Akanyoosha mkono, akampangusa mkono wa nguo mara mbili, polepole, bila hata kumtazama usoni, namna mwanamke anavyompangusa mtu aliyemzoea. Ketel naye hakumtazama. Alisimama tu akipanguswa.

Nikaweka mkono juu ya kisanduku.

"Mfereji ule niliukuta," nikasema.

Karani akapenga kamasi. "Uliukuta? Baba yako hakuuchimba?"

"Aliutegea mikunga tu. Alikuwa akisema ni mkono wa mto wa tangu zamani."

Watu wetu wakaanza kunong'ona, kisha mzee mmoja akatema mate chini. Nilikuwa nimewapotezea malisho bora ya bonde zima na sikujali. Nilikuwa namtazama yeye. Karani akatangaza kwamba jiko la Wulfeva liko Suthfoki, na mjane wa jiko la Suthfoki hawezi kupokewa Nothfoki. Wulfeva hakulia. Alivua joho, akalikunja vizuri, akawarudishia walioshona. Ketel alibaki na donge lake mikononi, hajui aliweke wapi.

Furaha niliyoipata siku ile ilikuwa furaha ya kweli, sitaficha. Ilidumu muda wa karani kuchovya kalamu.

Maana alisema kwa kuwa mpaka umethibitishwa, ataandika upya watu wa kila upande, na kila mwanamume huandikwa pale alipozaliwa, na watoto humfuata baba. Akaanza na Ketel, aliyekuwa karibu.

"Umezaliwa wapi?"

"Nyumba ile."

"Ile ya ng'ambo?"

"Wakati ule haikuwa ng'ambo," Ketel akasema.

"Sasa ni ng'ambo," karani akasema, akaandika.

Aliandika Ketel, Msuthfoki. Aliandika wanangu wawili, Wasuthfoki. Brunloc akaja akampiga Ketel mgongoni, akamkaribisha kwao, akamwuliza kama anapenda supu ya mikunga. Nilipofika mimi karani akaniuliza nilizaliwa wapi, nikamwonyesha kibanda cha baba, upande huu wa maji. Akaandika Tova, Mnothfoki. Mwanamke haachi watu wa baba yake kwa kuolewa. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa mtu pekee wa kaskazini katika nyumba yangu mwenyewe, nikawapikia Wasuthfoki watatu chakula.

Na hilo silo lililoniuma zaidi. Baraza la Mia hukaa kila baada ya wiki nne, na kila mwenye jina lazima ahudhurie baraza la watu wake. La Suthfoki hukaa mbali, chini ya mto, nusu siku kwa mtumbwi. Ketel alikuwa na mtumbwi. Mjane mwenye jiko lake lazima aende pia, na Wulfeva hakuwa na mtumbwi. Basi kila wiki ya nne, kwa amri ya mfalme, mume wangu alimpitia Wulfeva kizingitini, akampa mkono kupanda, na wakaondoka wawili asubuhi kurudi jioni. Nisingeweza kukataza. Nisingeweza kwenda nao, kwa kuwa mimi si wa kule. Ilikuwa mara kumi na tatu kwa mwaka, kwa miaka kumi na miwili. Nilisimama mlangoni mara zote.

"Mmechelewa," nilikuwa nikimwambia.

"Baraza lilikuwa refu."

"Mlikuwa mnaamua nini?"

"Ng'ombe wa mtu."

"Ng'ombe mmoja siku nzima?"

"Alikuwa ng'ombe mkaidi, mama."

Katika miaka hiyo Wulfeva alizungumza nami habari ya kiapo mara moja tu. Alikuwa amevushwa na wavuvi kuniletea dengu, maana hakuacha kuniletea vitu, na mimi sikuacha kuvipokea kama mtu anayepokea deni. Aliweka kikapu chini, akasema Thurgar alimsimulia kabla ya kufa jinsi alivyobeba udongo wa mfereji pamoja na binti mmoja mkaidi aliyekataa kupumzika.

 Nikamwuliza mbona hakusema barazani.

"Ningesema wangekuzika nje, mwenzangu," akajibu. "Na mimi ningepata nini? Jina."

Nilijua hilo jina alilitaka kiasi gani. Alichukua kikapu chake kitupu akaenda zake. Mtu mwingine angepiga magoti pale. Mimi nilisimama nikafikiri, hata dhambi yangu ameishika vizuri kuliko mimi. Laiti angenipigia kelele, ningempenda kidogo.

Wulfeva alikufa majira ya baridi, mwaka juzi, kwa kifua. Siku tatu za mwisho niliketi naye kwa zamu na wanawake wengine, kwa kuwa watu wangesema nisipokwenda. Alipungua haraka. Aliomba jambo moja, azikwe karibu na Thurgar. Alimwomba padri, akamwomba Ketel. Mimi hakuniomba.

Padri hakuwa na njia. Wafu huzikwa kanisani kwa watu wao, na Brunloc, aliyekuwa amezeeka lakini hajapungua, alituma neno kwamba Wulfeva ni wao na ataletwa kwao. Asubuhi ya mazishi palikuwa na jalidi. Walimleta akiwa ndani ya sanda mpaka ukingoni, wakamlaza katika mtumbwi wa Ketel, mtumbwi uleule. Watu wa pande zote mbili walikuwa wamekuja, nami sijaona mazishi yaliyojaa hivyo hata ya bwana mkubwa. Ketel alifungua kamba. Alikuwa akilia bila kujificha, ndevu zote zimelowa. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, na nilisema moyoni, haya, ya kwangu yatakuwaje?

Padri akamshika bega, akamwambia avumilie, Mungu anajua alipo mtu.

"Sawa, padri," Ketel akasema. "Na siku yangu mtanipeleka kulekule. Ndiko nilikoandikwa."

Hakusema kwa hasira, wala hakusema ili nisikie. Alikuwa anasema tu kilicho kweli. Nikaona yote. Niliwaona wamelala wawili kusini mpaka siku ya tarumbeta ya kiama, yeye na Wulfeva, kwa sheria, kwa mkono wa karani na kwa kinywa changu mwenyewe, na mimi kaskazini peke yangu na maji katikati, hata mlango wa kusimama sina. Kuwangoja mpaka jioni nilikuwa nimevumilia. Huo ulikuwa usiku usio na mwisho.

Nikaingia majini mpaka magotini, nikaushika mtumbwi.

"Baba yangu aliuchimba," nikasema. "Mimi na Thurgar tulibeba udongo. Nyumba ile haikuwa ya Suthfoki hata siku moja. Niliapa uongo. Mrudisheni."

Nilivua joho begani nikawaonyesha kovu, katika baridi ile.  Wanawake wale wa sufu, waliobaki, walinitazama kwa namna ambayo bado wananitazama. Brunloc alianza kubisha, watu wake wenyewe wakamnyamazisha. Ketel alibaki ameshika kasia.

"Miaka kumi na miwili, Tova," akasema. Hajasema lingine juu ya jambo hilo mpaka leo. Anakula mkate wangu kama alivyokuwa akiula.

Baraza lilikaa palepale ukingoni, likampokea Wulfeva akiwa ndani ya sanda yake. Akawa Mnothfoki, akabebwa na Wanothfoki, akazikwa kando ya Thurgar, na waliimba vibaya kwa sababu mwimbaji mwenyewe ndiye waliyekuwa wakimzika. Baadaye malisho yalirudi kwetu, na Ketel na wanangu wakafutwa kusini wakaandikwa kaskazini. Mimi nilipata haki yangu. Siapi tena, hata juu ya yai. Na mahali pangu ni nje ya uzio.

Isipokuwa askofu aone toba. Padri Lefsi, huyu anayeniandikia, aliniombea, na jibu likaja kwamba ni miaka mitatu. Jumatano na Ijumaa mkate mkavu na maji, kanisani miguu mitupu hata wakati wa theluji, nisimame nje ya mlango wakati wa misa. Nikiitimiza bila kukosa, nitaruhusiwa kulala ndani ya uzio. Huu ni mwaka wa pili. Sijakosa siku moja. Nimeongeza Jumatatu bila kuambiwa.

Padri anasema hajapata kuona mtu anayetubu kwa bidii hivi, na ninamwona anavyoandika hapa machozi yakimlenga. Aandike. Ketel amekwisha kumwonyesha mahali anapotaka kuzikwa, na nimekwenda kupapima kwa hatua zangu. Upande mmoja yuko Thurgar, kisha Wulfeva, kisha mahali pa Ketel. Kati ya Wulfeva na mahali pa Ketel imebaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba, na mimi kila Ijumaa ninapungua.